Fundi wa Vyombo Anajibu: Anodi Isiyoliwa Haifanyi Kazi

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu juu ya anodi, kile kipande cha madini kinachofungwa chini ya mashine ya boti, nikasema kisipakwe rangi. Mistari hiyo miwili imeniletea barua nyingi kuliko makala nzima ya kalafati niliyoitolea jasho. Haya, wenye maswali ya tanga na mlingoti watanisubiri. Mwezi huu ukurasa wote ni wa vyuma vinavyokaa chini ya maji.

Kipande kizima, mashine inaliwa

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mvuvi hapa Kilindoni, Mafia. Nina boti ya faiba na mashine ya Yamaha, nguvu arobaini, niliyoinunua mtumba ikiwa inang'aa. Sasa mguu wa mashine unatoa vipele, rangi inavimba, ukikwangua unakuta unga mweupe na vishimo. Kile kipande ulichokitaja ninacho, kipo kama kilivyotoka dukani, mwaka mzima hakijapungua hata kidogo. Je, kwa kuwa ni kigumu hivyo, tatizo liko wapi? – M., Kilindoni*

Marahaba, mwanangu. Hapo hapo unaposema hakijapungua ndipo tatizo lilipo. Kipande hicho, kwa jina anodi, kimefungwa pale ili kiliwe. Kikikataa kuliwa, bahari itakula kilicho jirani, na jirani yake ni mguu wa mashine ambao nao ni alumini.

Nieleze kidogo, kwa sababu ukilielewa hili barua nyingine zote hapa chini utazijibu mwenyewe. Chukua betri ya tochi, zile kubwa za zamani. Kopo lake ni zinki, katikati pana kijiti cha kaboni. Tochi ikiwaka, zinki ndiyo inayoliwa, na ndiyo maana betri iliyosahaulika ndani ya tochi hutoboka ikachuruzika. Boti yako ni betri ya namna hiyo. Una madini mbalimbali yaliyoshikana, mguu wa alumini, shafti ya stenlesi, boliti za kila aina, na yote yamezama kwenye maji ya chumvi yanayopitisha umeme vizuri sana. Madini yana daraja zake. Mwepesi wa kuliwa kuliko wote ni magnesiamu, wanafuata zinki na alumini, kisha chuma cha kawaida, kisha shaba na bronzi, kisha stenlesi, na kaboni inakaa juu ya wote. Wawili wakishikana majini, wa daraja ya chini analiwa na wa juu anapona. Tunachofanya sisi mafundi ni kumtafuta mnyonge zaidi ya wote, tukamfunga pale makusudi.

Sasa kwa nini mnyonge wako haliwi? Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni rangi. Mashine ya mtumba hupigwa rangi yote kabla ya kuuzwa ili imvutie mnunuzi, na anayepiga habagui: anodi nayo inapata rangi yake nzuri. Rangi ikishakaa pale, maji hayaigusi, na anodi isiyoguswa na maji ni pambo. Ifungue, ikwangue kwa msasa au brashi ya waya mpaka madini yaonekane, pande zote.

Mtuhumiwa wa pili yuko nyuma ya anodi, pale inapokaa juu ya mguu. Anodi lazima ishikane na mashine chuma kwa chuma. Kukiwa na rangi, grisi au unga mweupe katikati, umeme haupiti. Safisha kikao chake mpaka king'ae, safisha na boliti, kaza, halafu chukua mita, uiweke kwenye omu, ncha moja kwenye anodi na nyingine kwenye chuma kitupu cha mguu. Isome sifuri au pua na sifuri. Ikisoma kitu cha maana, hujasafisha, rudia.

Wa tatu ni mazoea yetu ya pwani, na watu wa Mafia mnayo sana kwa sababu ya maji kupwa. Boti ikitia nanga, mashine inainuliwa nusu. Ncha ya chini ya mguu inabaki majini, ilhali anodi iliyo juu ya propela imetoka nje inapunga upepo. Anodi iliyo hewani hailindi kitu kilicho majini. Inua mashine yote itoke, au iache yote chini.

Hivyo vishimo ulivyonavyo havirudi kuwa alumini. Kwangua unga wote, osha kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kausha, piga praima ya epoksi inayokubali alumini ndipo upake rangi. Na hapa nakuonya kwa herufi kubwa kama mhariri angeniruhusu: usipake mguu wa mashine ile rangi ya kuzuia magamba yenye shaba ndani yake, hiyo hiyo unayoipaka chini ya boti. Shaba juu ya alumini, kwenye chumvi! Hata ukipaka boti, acha upana wa vidole viwili bila rangi hiyo kuzunguka mahali mashine inapokaa.

Anodi ikiliwa nusu, badilisha, usingoje iwe kama mfupa wa samaki. Ile yenye umbo la pezi, iliyo juu ya propela, pia inasawazisha usukani usivute upande mmoja, kwa hiyo kabla ya kuifungua weka alama ya mwelekeo wake. Kuna nyingine kwenye mabano ya kufungia boti, na mashine nyingi zina vijianodi ndani ya bloku, kwenye njia za maji ya kupoza. Hizo za ndani watu hawazijui kabisa, na wenye kuzijua wanaziogopa kwa sababu boliti zake hukatika. Mwambie fundi azitazame mashine inapofanyiwa sevisi. Na kila ukitoka baharini, iwashe kwa maji baridi, hata ndoo kubwa itatosha ukikosa mpira.

Zinki ya Dar haifai Kigoma

*Fundi, hujambo. Mimi ni mama mfanyabiashara, nina boti ya chuma ya mizigo hapa Kigoma. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam alininunulia anodi za zinki, za bei, tukazichomea chini ya boti. Tulipoipandisha juzi, zinki zina ganda jeupe gumu, na chuma kimeshika kutu pembeni yake kana kwamba hazipo. Kutu mbaya zaidi iko pale juu, usawa wa maji. Nimepoteza pesa? – Mama S., Kigoma*

Sijambo, mama. Zinki ni nzuri, ila umeipeleka mahali isipofanyia kazi. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Zinki ikikaa kwenye maji baridi hujifunika ganda, ganda hilo linaizuia isiendelee kuliwa, na ikishaacha kuliwa imeacha kulinda. Juu ya hivyo, maji baridi hayapitishi umeme kama bahari, hivyo inatakiwa anodi yenye msukumo mkubwa zaidi. Hiyo ni magnesiamu. Kwa boti za Tanganyika, Victoria, Nyasa na mito yote ya bara, agiza magnesiamu, na mkanda wa chuma uliomo ndani yake uchomewe kwenye bodi ya boti kama mlivyofanya. Usiichomee anodi yenyewe.

Magnesiamu hiyo hiyo ukiileta baharini ni hasara ya upande wa pili: inayeyuka upesi mno, na msukumo wake unavimbisha rangi. Kwa hiyo ukija kuuza boti kwa mtu wa pwani, mwambie.

Wewe wa Kigoma una ushahidi wa haya yote mlangoni pako. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapo hapo Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine yake grisi nene. Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927. Chuma kile kilikaa ziwani miaka minane kikafaa kutumika tena! Grisi ilisaidia mashine, lakini bodi iliokolewa na maji baridi ambayo umeme wake ni mdogo. Kama ingezamishwa kwenye chumvi ya Dar es Salaam, nina shaka kama ingebeba abiria tena.

Kuhusu kutu ya usawa wa maji: hata magnesiamu haitaigusa. Anodi inalinda kilichozama tu. Pale juu, panapolowa na kukauka, panapogongwa na gati na mitumbwi, mlinzi ni rangi peke yake. Tena hata chini ya maji rangi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Anodi inashughulikia mikwaruzo ambayo rangi imeiacha wazi. Mtu anayeacha bodi bila rangi akitegemea anodi atanunua anodi mpaka achoke. Kwangua mpaka chuma cheupe, epoksi mikono miwili au mitatu, ikauke sawasawa.

Umenitajia "tukazichomea". Safari nyingine boti ikichomewa ikiwa majini, hakikisha mashine ya kuchomelea inabana waya wake wa kurudi kwenye boti hiyo hiyo, karibu na pale moto unapowaka. Nimeona mafundi wakibana waya kwenye nguzo ya gati au kwenye chombo cha jirani. Umeme wa kuchomelea ukirudi kwa kupitia majini, unatoka kwenye bodi yako na kuondoka na chuma chako.

Mbao zinageuka nyuzinyuzi

*Assalaam alaykum, fundi. Nina boti ya mbao, mvule na mtondoo, injini ya dizeli ndani, shafti ya stenlesi na propela ya bronzi. Niko Mkokotoni. Mtu aliniambia propela italiwa, basi nikafunga zinki nne kubwa chini ya boti, nikaziunga kwa waya wa shaba na kila chuma kilichoko majini: bomba la shafti, valvu za maji, bawaba za usukani. Vyuma viko safi kabisa. Lakini mbao kuzunguka bomba la shafti na valvu zimekuwa laini, nyeupe, zenye nyuzinyuzi, na ndani ya boti pana chumvi nyeupe inayoteleza kama sabuni. Tena propela siku hizi inaota magamba kuliko zamani. Wazee wanasema ni mdudu. – H., Mkokotoni*

Wa alaykumu salaam. Hao wazee nawaheshimu, lakini safari hii mdudu hayumo. Mdudu wa bahari anatoboa tundu na anapita ndani. Mbao iliyolainika na kuachana nyuzi kuzunguka chuma kizuri ni kazi ya zinki zako. Barua yako nimeisoma kwa uchungu kwa sababu umefanya ulichoambiwa, na umekifanya kwa ukamilifu.

Sikiliza jinsi inavyokwenda. Zinki inapoliwa upande huu, upande wa pili, yaani kwenye bronzi inayolindwa, hewa iliyomo majini inageuka kuwa alkali. Kwa kuwa bahari imejaa sodiamu, unachopata pale ni kostiki, ile ile wanayotumia akina mama wa Unguja kutengenezea sabuni ya mwani. Ndiyo huo utelezi unaousikia mkononi. Kostiki inayeyusha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Viwanda vya karatasi vinafanya jambo hilo kwa makusudi, magogo yanapikwa kwa dawa yenye kostiki mpaka yawe uji wa nyuzi. Wewe unatengeneza karatasi chini ya injini.

Zinki moja ndogo inatoa alkali kidogo, bahari inaiosha, mti hauna habari. Zinki nne kubwa zenye waya kwa kila kitu zinatoa alkali mfululizo, na pale palipobana, baina ya chuma na mbao, maji hayapiti kuiosha. Kwenye boti ya faiba ulinzi uliozidi si balaa kubwa. Kwenye mbao ni balaa, na mimi msimamo wangu kwa vyombo vya mbao haujawahi kubadilika: anodi chache, ndogo, na mahali panapohitaji tu.

Ndugu yangu, fanya hivi. Kata waya wote. Valvu ya bronzi safi iliyotulia peke yake kwenye mbao, isiyoungwa na chuma kingine, inaishi miaka mingi bila msaada wa mtu. Ondoa zinki zote nne za bodi. Funga anodi moja ya kola kwenye shafti, ile inayokuja vipande viwili na kubanwa kwa boliti. Shafti isafishwe ing'ae pale inapokaa kola, na kola isibanane na beringi ya shafti, iache nafasi maji ya kulainisha beringi yapite. Kola hiyo inamtosha propela na shafti. Bawaba za usukani kama ni chuma cha kawaida, zipe kijizinki kidogo chao wenyewe.

Mbao zilizolainika zikwangue mpaka ufike kwenye mti mzima. Osha kwa siki iliyochanganywa na maji ili kuua alkali, kisha kwa maji baridi, uache ikauke. Ukipata karatasi za litimasi kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, gusisha ile nyekundu kwenye mbao yenye unyevu: ikigeuka buluu, alkali bado ipo, osha tena. Palipoliwa kina, kata utie kiraka cha mti wa aina ile ile. Na boliti za valvu usiziamini kwa kutazama kichwa chake. Fungua moja. Boliti inaweza kuwa nzima kabisa huku mti unaoishika umekwisha, na hapo valvu inasimama kwa dua tu.

Ukiweza kupata kile kifaa cha kupimia, elektrodi ya fedha inayoning'inizwa majini na kuungwa na mita ya kawaida, bronzi kwenye chombo cha mbao isome karibu na -500 mpaka -600 milivolti. Yako leo naamini imepita hapo mbali, imekaribia ya zinki yenyewe, ambayo ni kama -1,030.

Ama magamba kwenye propela, hilo nalo ni zinki hizo hizo, na kisa chake ni cha zamani. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, alitakiwa kuzuia mabati ya shaba yaliyofunika manowari za mbao yasiliwe na bahari. Akafunga vipande vya chuma na zinki kwenye shaba, na shaba ikaacha kuliwa kabisa. Wakafurahi, mpaka meli ziliporudi safarini zimevaa mwani na magamba tele, hazitembei. Kumbe shaba inayoliwa kidogo kidogo ndiyo sumu inayomfukuza konokono asigande. Ukiilinda sana, umeinyang'anya sumu yake. Ukipunguza zinki, propela yako itajisafisha zaidi kuliko sasa, ingawa usitegemee iwe safi kabisa kwa maji ya Mkokotoni.

Neno la nyongeza: uliniandikia pakingi ya glandi, ile kamba inayozuia maji pale shafti inapoingia botini, ni nyeusi na inapaka mikono. Kama ni ya grafaiti, itoe. Grafaiti ni kaboni, na kaboni nimesema iko juu ya wote, hata ya stenlesi. Inachimba shafti palepale inapoizunguka. Rudi kwenye pakingi ya katani yenye mafuta. Kadhalika kamba za nyavu zikijisokota kwenye shafti, zikate mara moja. Stenlesi inaishi kwa kupata hewa iliyomo majini. Ukiifunika, maji yakatulia pale bila hewa, inachimbika vishimo vyembamba vya kina ambavyo hutaviona mpaka shafti ikatike.

Anodi zinaisha kabla ya mwezi

*Mzee, salamu kutoka Mtwapa. Boti yangu ni ya faiba, dizeli ya ndani. Anodi nilikuwa nabadilisha kila msimu. Tangu nihamie gati lenye umeme na kuchomeka waya wa kuchajia betri na friji, anodi haimalizi mwezi. Jirani yangu ana boti ya chuma na anodi zake hazipungui! – K., Mtwapa*

Salama, kaka. Jirani yako hana uchawi. Wewe ndiye unayemlindia boti.

Waya wa umeme wa gati una nyaya tatu, na wa tatu ni ethi. Ethi hiyo inaunganisha chuma cha boti yako na chuma cha kila boti iliyochomekwa pale, pamoja na nguzo za gati kama ni za chuma. Mmekuwa betri moja kubwa, na katika betri hiyo zinki yako inahudumia majirani wote. Zinki ikiisha, kitakachofuata ni madini yanayofuata kwa unyonge kwenye boti yako mwenyewe.

Najua fikra itakayokujia: kata ethi. Usithubutu. Ethi ndiyo inayomwokoa mtu aliye majini au anayeshika reli siku umeme ukivuja kwenye boti. Kuna kifaa kinaitwa galvaniki aizoleta, kinafungwa kwenye waya wa ethi mahali unapoingia botini. Ndani kina dayodi zinazozuia ule umeme mdogo wa madini, wa volti moja na kitu, lakini umeme wa hatari ukija unapita kama kawaida. Fundi umeme anayejua vyombo akufungie. Mpaka hapo, chomeka waya unapochaji tu, ukimaliza chomoa.

Kabla ya kununua kifaa, pima. Ning'iniza ile elektrodi ya fedha majini, mita ishike bloku ya injini, soma ukiwa umechomeka, kisha chomoa usome tena. Namba ikiruka, ni ethi. Namba ikibaki ile ile, mhalifu yuko ndani ya boti yako, na hapo anza na pampu ya kutoa maji ya ndani. Waya wake wa chanya mara nyingi umeungwa kwa selotepu na maungio yamelala kwenye maji machafu chini ya injini. Umeme wa betri unaovuja kwa njia hiyo ni mkali kuliko huu wa madini: ampea moja ikivuja mwaka mzima inaondoka na takribani kilo 9 za chuma, au kilo 11 za zinki. Kwa kitu chembamba kama valvu, mwaka ni mbali sana, ni suala la siku. Inua maungio yote juu ya maji, yafungwe kwa kizibo chenye gundi.

Kwa kifupi

*Bagamoyo: valvu ya kuingiza maji imegeuka rangi ya waridi. Nimeiosha kwa ndimu, haitoki.* Haitatoka. Hiyo valvu imetoka duka la vifaa vya bomba za nyumbani, ni shaba ya njano, yaani shaba na zinki. Bahari imeichomoa zinki ikaacha sponji la shaba lenye umbo lile lile la valvu. Igonge taratibu, nzima hulia, iliyokwisha husema "tup". Lakini igonge boti ikiwa nchi kavu! Badilisha zote, weka bronzi, au zile za nailoni iliyotiwa faiba ambazo hazijui kutu. Tazama na propela. Nyingi zinazoitwa bronzi ya manganizi zina zinki karibu asilimia 40, nazo zikikosa ulinzi hugeuka waridi hivyo hivyo.

*Nyamisati: boti inalala mtoni Rufiji, inafanya kazi baharini. Niweke anodi ya maji gani?* Alumini. Nazungumzia alumini ya anodi, yenye zinki na indiamu ndani yake, inayofanya kazi kwenye chumvi na kwenye maji ya mchanganyiko ambako zinki inaanza kujifunika ganda. Ni nyepesi, na kilo yake moja inatoa umeme wa ulinzi zaidi ya mara tatu ya kilo ya zinki. Ile kwamba zinki ndiyo ya bahari peke yake ni mazoea. Mimi siku hizi hata kwenye chumvi tupu nafunga alumini, na kwa mguu wa mashine naipendelea. Usichanganye tu alumini na zinki kwenye boti moja.

*Lamu: jahazi jipya, nimeshauriwa nitumie misumari ya stenlesi.* Ndani ya mbao zilizolowa na kukosa hewa, stenlesi inachimbika usione. Kwa jahazi nachagua msumari wa chuma uliochovywa kwenye zinki ya moto, ule wenye ganda nene la kijivu lisilong'aa. Ule unaong'aa kama kijiko umepakwa zinki kwa umeme, ganda jembamba mno, hauvuki misimu. Kichwa cha msumari kifungwe pamba iliyochovywa kwenye sifa, yale mafuta ya papa, kama wafanyavyo mafundi wenu, na usichanganye msumari wa chuma na wa shaba kwenye ubao mmoja. Wajenzi wa mtepe, walioshona mbao kwa kamba, hawakuwa na barua za namna hii.

*Tanga: nina mabaki ya zinki na sufuria kuukuu za alumini. Naweza kuyeyusha nikasubu anodi mwenyewe?* Kuyeyusha utaweza, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, mkaa unafika hapo bila shida. Tatizo ni kwamba zinki ya anodi hairuhusiwi kuwa na chuma zaidi ya asilimia 0.005, na wewe ukiiyeyusha kwenye chungu cha chuma, chuma kinaingia ndani ya zinki papo hapo. Anodi yenye chuma inajifunika ganda ikalala. Sufuria nazo zinajivika ngozi yake ya kawaida, ile inayozifanya zisiliwe jikoni, na haziliwi baharini pia. Wauzie wa chuma chakavu mzigo wote, pesa yake iongezee anodi iliyopigwa muhuri wa kiwanda.